Safu ya Bustani: Kabichi Isiyofunga, Karoti Yenye Mikia na Stroberi Isiyozaa

Barua nilizochagua mwezi huu zimetoka Bamburi, Likoni, Tudor na Kisauni. Kila mwandishi ameuliza kuhusu mmea wake, lakini nimezipanga pamoja kwa sababu karibu zote zinarudi kwenye mambo mawili ambayo bustani ya Mombasa haiwezi kuyakwepa, nayo ni joto la usiku na chumvi iliyomo katika maji. Maelekezo mengi yanayosambazwa nchini kuhusu kabichi, karoti na stroberi yametungwa kwa kumfikiria mkulima wa nyanda za juu zenye baridi kama Limuru au Kinangop, na msomaji wa Pwani anayeyafuata neno kwa neno huishia kujilaumu bure.

SWALI: Bwana Shamba, salaam. Nina kiwanja kidogo nyuma ya nyumba yetu ambacho mwezi wa Desemba nilikipanda kabichi na koliflawa. Majani yamekuwa makubwa na yana afya, lakini mpaka sasa kabichi hazijafunga, na koliflawa zimetoa ua dogo lisilozidi ngumi ya mtoto, kisha likatawanyika na kugeuka manjano. Samadi niliweka ya kutosha, na ninamwagilia kila jioni. Je, niliuziwa mbegu mbovu?
Msomaji wa Bamburi

JIBU: Ndugu yangu, mbegu hazina lawama, na samadi yako pia haina lawama. Kilichokosewa ni msimu. Kabichi hufunga vizuri pale joto linapokuwa kati ya nyuzi 15 na 20 za Selsiasi, ilhali wewe umeipanda mwanzoni mwa kaskazi, wakati ambapo mchana wetu hupita nyuzi 31 na usiku hauteremki sana chini ya 24. Watu wengi huliogopa jua la mchana na kulisahau joto la usiku, na hilo ndilo linaloumiza zaidi. Mmea hutengeneza sukari mchana, kisha usiku huitumia sukari hiyo kwa kupumua. Usiku ukiwa wa joto, matumizi huwa makubwa na kinachobaki kwa ajili ya kujenga kichwa huwa kidogo. Ndiyo maana kabichi nyingi unazoziona zikishushwa katika soko la Kongowea hutoka sehemu za juu kama Wundanyi, katika milima ya Taita, ambako usiku una baridi ya kweli ingawa kutoka huko hadi Mombasa ni safari ya saa chache tu.

Hata hivyo, Pwani nayo ina dirisha lake dogo. Kusi inapokwisha kutulia, kuanzia Juni hadi Agosti, mchana hushuka hadi nyuzi 27 au 28 na alfajiri hufika karibu na 20. Mbegu na isiwe kwenye kitalu mwishoni mwa Aprili, chini ya kivuli chepesi cha makuti au neti ili mvua ya masika isiipige, na miche ihamishiwe shambani mwishoni mwa Mei ikiwa na majani manne au matano ya kweli. Chagua aina inayokomaa mapema, yaani siku 75 hadi 90 baada ya kupandikizwa, na ambayo pakiti yake inataja wazi kwamba inastahimili joto. Kichwa hakitakuwa cha kilo 3 kama kile cha Kinangop. Ukipata cha kilo 1, kikiwa kigumu unapokibonyeza kwa kidole gumba, jua kwamba umefanya kazi nzuri.

Koliflawa ningekushauri uiache kabisa. Ni mmea mwenye masharti makali kuliko ndugu zake wote, na hilo ua dogo ulilolieleza ndiyo alama yake ya kusumbuliwa na joto. Nafasi yake ipe sukuma wiki, hasa aina ya majani mapana iitwayo Southern Georgia, ambayo huvumilia joto letu na huvunwa kwa miezi mingi ukiacha majani manne au matano ya juu kila unapochuma. Kabichi ulizo nazo sasa usizing'oe. Majani yake yaliyo laini huliwa kama sukuma wiki, yakikatwa membamba na kukaangwa kwa kitunguu na nyanya, nayo ni matamu.

SWALI: Assalaam aleikum. Nimejaribu karoti na biti Likoni, kwenye udongo wetu wa mchanga wenye mawe ya matumbawe. Karoti nilizipanda kwanza kitaluni, kisha nikazihamisha. Zimetoka fupi, zimegawanyika mikia miwili mitatu, na rangi yake ni hafifu. Kingo za majani zimekauka kama zilizochomwa na moto. Biti zimekwenda vizuri kidogo. Maji ninayotumia ni ya kisima, nayo yana munyu ambao hata kwenye chai husikika. Nifanye nini?
Msomaji wa Likoni

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Barua yako imenifurahisha kwa sababu umeona jambo ambalo wengi hulipita, kwamba biti zimekwenda vizuri mahali pale pale karoti ziliposhindwa. Sababu kubwa ni hayo maji. Mimea haitofautiani kwa ladha tu bali pia kwa kiwango cha chumvi inachoweza kukivumilia, na tofauti hizo zimepimwa. Katika majedwali yanayotumiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), karoti huanza kupunguza mavuno pale chumvi ya udongo inapopita desisimensi 1 kwa mita (hicho ndicho kizio cha kupimia chumvi), kabichi huanza kwenye 1.8, ilhali biti huendelea bila shida hadi 4. Maana yake ni kwamba maji yanayoiua karoti yanaweza kuilea biti. Spinachi ya majani mapana na mashina meupe tunayoinunua sokoni ni ndugu wa damu wa biti, nayo pia huyavumilia maji ya kisima kuliko mboga nyingi. Kwa bustani yenye maji kama yako, hizo mbili ndizo ningezipa nafasi kubwa.

Chumvi ya kisima haikai palepale mwaka mzima. Chini ya ardhi yetu, maji matamu ya mvua huelea juu ya maji ya bahari yaliyojipenyeza ndani ya matumbawe, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Baada ya masika tabaka hilo la juu huwa nene, na kisima huwa na afadhali. Ifikapo Februari na Machi, baada ya miezi ya kuteka bila mvua, tabaka huwa jembamba na munyu hupanda. Kwa hiyo kisima kile kile kinaweza kukufaa Julai na kukuangusha Machi. Ukitaka kujua hali ya chako, itazame ndoo au chungu unachopandia: ukiona ukoko mweupe umejijenga ukingoni na juu ya udongo, chumvi imekwisha kurundikana. Ukitaka kipimo hasa, anzia kwa afisa wa kilimo wa kaunti au kituo cha shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, kilichoko Mtwapa, uulize sampuli ya maji na udongo ipelekwe wapi.

Namna ya kumwagilia nayo ina uzito wake. Ukimwagilia kidogo kidogo kila siku, maji huvukizwa na jua na chumvi hubaki, kesho huongezwa nyingine, na baada ya mwezi mmoja mizizi huwa imekaa ndani ya maji ya chumvi kali. Ni bora umwagilie kwa nafasi lakini kwa wingi, mpaka maji yatoke chini ya ndoo au yazame chini ya mizizi, ili yaisukume chumvi ya nyuma na kuiondoa. Elekeza maji kwenye udongo wala si juu ya majani, kwa sababu tone la maji ya munyu likikaukia jani huliunguza. Tandaza majani makavu au nyasi juu ya udongo ili kupunguza uvukizo.

Kisha jiwekee akiba ya maji ya mvua. Paa la mabati la mita 40 za mraba likipata mvua ya milimita 10 hukupa karibu lita 400, ukiondoa kidogo kinachopotea, na mvua za namna hiyo huwa nyingi mwezi wa Mei. Maji hayo usiyamalize kwa mimea mikubwa. Yatunzie mbegu na miche, kwa kuwa huo ndio umri ambao chumvi huua upesi. Hata biti, ambayo baadaye huwa sugu, huwa dhaifu wakati wa kuota. Baada ya hapo unaweza kuchanganya nusu ya mvua na nusu ya kisima.

Sasa nije kwenye mikia. Karoti haipandikizwi. Mzizi wake mkuu ndio chakula chenyewe, na ukiung'oa kitaluni ncha hukatika, nao hujigawa. Hufanya vivyo hivyo ukikutana na jiwe au na samadi mbichi. Inua tuta la sentimita 30, udongo wake uuchekeche kwa chekeche la waashi ili vipande vya matumbawe vitoke, uchanganye na mboji iliyooza kabisa, kisha umwage mbegu papo hapo katika mistari yenye kina cha sentimita 1. Funika kwa gunia lililoloweshwa, ulichungulie kila asubuhi, na uliondoe siku utakapoona nyuzi za kijani zikianza kujitokeza, kwa kawaida kati ya siku ya 10 na ya 14. Zikifika urefu wa kidole, zipunguze mpaka kila moja iwe na nafasi ya sentimita 5. Tumia aina fupi nene kama Chantenay, ambayo haihitaji udongo wenye kina kirefu, na uipande Juni, kwa sababu joto kali ndilo linaloipa karoti rangi hafifu uliyoiona. Mbegu ya biti nayo iloweke usiku kucha katika maji matamu, na ukumbuke kwamba kila punje ni kifungu cha mbegu kadhaa, hivyo miche hutoka kwa makundi na ni lazima ipunguzwe.

Jambo moja la kwetu sisi watu wa Pwani. Wengi huboresha mchanga kwa usumba na vumbi la makumbi ya nazi, na ni wazo zuri kwa kuwa hushika maji sana. Lakini makumbi yaliyofukiwa ufuoni kwa ajili ya kusukia kamba yamelowa maji ya bahari kwa miezi. Ukiyapata ya namna hiyo, yaloweke na kuyasuuza kwa maji matamu mara kadhaa kabla hayajafika kwenye tuta. Ukishindwa kupata maji ya kuyasuuzia, ni afadhali uyaache.

SWALI: Mimi ni mstaafu ninayeishi ghorofa ya tatu. Binti yangu aliniletea miche ya stroberi kutoka bara, nami nimeipanda kwenye ndoo barazani. Inatambaa kila upande na kutoa vichipukizi vingi, lakini haijatoa hata ua moja. Siku hizi majani mapya yanageuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Nimeongeza jivu la mkaa na maganda ya mayai kama nilivyoelekezwa, lakini hali inazidi kuwa mbaya. Maji yangu ni ya mfereji.
Msomaji wa Tudor

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Nitaanza na manjano kwa sababu hayo yanaweza kuponywa. Stroberi hupenda udongo wenye uchachu kidogo, wenye kipimo cha pH kati ya 5.5 na 6.5. Udongo wa kisiwa hiki umezaliwa na matumbawe, ambayo ni chokaa, na kipimo chake kwa kawaida huwa juu ya 7. Katika udongo wa namna hiyo madini ya chuma huwemo lakini hugandana na kuwa katika hali ambayo mizizi haiwezi kuyachukua, na jani changa lenye mishipa ya kijani katikati ya manjano ndiyo alama ya upungufu huo. Jivu na maganda ya mayai huongeza chokaa juu ya chokaa. Ushauri huo ni mwema kwa mkulima wa bara ambaye udongo wake ni mchachu, lakini kwetu unafaa kuachwa, na si kwa stroberi peke yake. Naomba uumwage udongo wote uliomo ndooni, uweke mwekundu wa kutoka mbali na matumbawe uliochanganywa na mboji, na toboa ndoo chini vizuri. Unapopanda upya, moyo wa mche, pale majani yanapochipuka, usifunikwe na udongo, maana huoza.

Kuhusu maua, ningependa nikupe habari njema zaidi. Stroberi tunazolima leo ni uzao wa aina mbili za Amerika, moja ya kaskazini na nyingine ya Chile, zilizokutana katika bustani za Ulaya katika karne ya 18, na aina nyingi za sasa kama vile Chandler na Camarosa zilizalishwa na Chuo Kikuu cha California. Chandler na Camarosa huamua kuchanua pale siku zinapokuwa fupi na hali ya hewa ikiwa ya ubaridi. Joto likiwa juu ya nyuzi 25 hivi kwa muda mrefu, mmea huacha kuunda maua na nguvu zake zote huzipeleka kwenye hivyo vichipukizi vinavyotambaa. Tudor haina mwezi wenye ubaridi wa namna hiyo. Julai na Agosti ndiyo miezi pekee inayokaribia.

Ukiwa bado una hamu ya kujaribu, na sioni ubaya wa hamu hiyo, kata vichipukizi vyote vinapotokea ili mche uhifadhi nguvu. Weka ndoo upande unaopata jua la asubuhi hadi saa nne, kisha kivuli. Ndoo nyeusi ifunike kwa gunia jeupe, kwa kuwa mizizi hupikika ndani ya plastiki iliyopigwa na jua. Maua yakitokea, yaguse katikati kwa brashi laini, ua baada ya ua, kwa sababu nyuki hawafiki kwa wingi ghorofa ya tatu na ua lisilochavushwa vizuri hutoa tunda lililopinda. Utakachopata kitakuwa matunda machache madogo ya kuwaonjesha wajukuu.

Lakini nisingependa umwombe binti yako miche mingine. Kama unachokitamani ni tunda dogo jekundu la kuchuma kwa mkono wako, panda mforosadi. Hushika kwa kijiti tu kilichochomekwa kwenye udongo wenye unyevu, huvumilia joto letu, na huishi ndani ya pipa kubwa ukiukata usirefuke. Kila unapoupogoa hutoa matawi mapya, na matawi hayo mapya ndiyo yanayobeba forosadi.

SWALI: Sukuma wiki zangu kwenye magunia zinaliwa na viwavi wadogo wa kijani. Nikiwagusa hujipinda kwa kasi na kujiangusha kwa uzi mwembamba. Nimepiga dawa kali ya dukani kila wiki, na bado wapo. Je, ninunue iliyo kali zaidi?
Mama wa watoto wanne, Kisauni

JIBU: Hapana, mama yangu, usinunue, na hasa kwa kuwa mboga hiyo inaliwa na watoto. Kwa maelezo yako huyo ni kiwavi wa nondo wa mgongo wa almasi, mdudu mkuu wa jamii yote ya kabichi duniani. Ligeuze jani utaona amekula upande wa chini na kuacha ngozi nyembamba ya juu, kama kidirisha cha plastiki. Nondo huyu ana sifa ya kuzizoea dawa upesi kuliko wadudu wengi. Usugu wake dhidi ya dawa ya DDT uliripotiwa huko Java mwaka 1953. Katika joto letu kizazi kizima hukamilika kwa takriban wiki mbili, hivyo kila unapopiga dawa ile ile unawabakiza walio sugu wazaliane. Zaidi ya hayo, dawa kali huwaua nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya viwavi hao. Nyigu wa namna hiyo ni msaada mkubwa kiasi kwamba taasisi ya utafiti wa wadudu ya ICIPE, Nairobi, iliwaingiza nchini na kuwaachilia katika milima ya Taita mwaka 2002 ili wawasaidie wakulima wa kabichi.

Kwa magunia machache, kinga bora ni neti yenye matundu madogo, ikiwa imefungwa pande zote kabla nondo hajaingia, maana huruka jioni kutafuta pa kutagia. Waliokwisha kuingia waokote kwa mkono asubuhi, ukianzia chini ya majani machanga. Ukihitaji dawa, omba ile yenye bakteria wa Bacillus thuringiensis, inayowadhuru viwavi na kuwaacha nyigu, na ufuate siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti. Njia nyingine iko mlangoni mwako, kwa sababu mwarobaini umejaa Kisauni. Kausha kokwa zake, zitwange, loweka gramu 50 katika lita 1 ya maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza kijiko kidogo cha sabuni ya maji, kisha nyunyiza chini ya majani magharibi inapokaribia, kwa kuwa jua huiharibu nguvu yake. Rudia baada ya siku saba, na mboga uioshe vizuri kabla ya kupika, kwani uchungu hubaki.

Mashina ya sukuma wiki yaliyozeeka, ambayo yamebaki na majani matatu juu na hayakupi tena chakula cha maana, yang'oe yote kwa siku moja na kuyafukia, hata kama jirani atakushauri uyaache. Humo ndimo viwavi wanamosubiria miche mipya. Magunia hayo yapande kunde au mchicha kwa msimu mmoja, ambavyo nondo huyu havili, ndipo uirudishe sukuma wiki.